Kanda za Rili na Mpenzi wa Sauti Nyumbani: Je, Zina Manufaa Bado?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linaloulizwa na wapenzi wa vyombo vya sauti: je, kanda za rili zinastahili kugharimiwa na kutunzwa nyumbani katika zama za dijitali? Swali hili linajadiliwa kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi simulizi, na mazingira ya mji wa Eldoret yanatumiwa kama mfano. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kanda ya rili haimo katika utamu wa sauti yake, bali katika upekee wa kile kilichorekodiwa ndani yake. Kwa hivyo, asiye na kanda za pekee hana sababu kubwa ya kununua chombo hicho. Lakini mwenye kanda hizo, au mwenye ujuzi wa kuzicheza, ana kazi isiyoweza kuahirishwa.

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Methali hii ina hekima, lakini haikutungwa kwa ajili ya kanda za sumaku. Kanda ya sauti ni akiba inayooza hata kama haijaguswa, na kila mwaka unaopita huondoka na sehemu yake. Ukweli huu unawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja, kwa maana sehemu kubwa ya fasihi simulizi ya Afrika Mashariki iliyonaswa baina ya miaka ya 1950 na 1980 ilinaswa kwa kanda. Hotuba, ngano, nyimbo za jando, tendi zilizoghaniwa, taarabu na vipindi vya redio vilipita humo kabla ya kuingia vitabuni, na vingine havikuingia vitabuni kamwe.

Wakati huohuo, kanda za rili zimepata wapenzi wapya. Huko Marekani na Ulaya wako watu wanaonunua vinasa sauti vya zamani kwa bei kubwa, na kampuni ya Ujerumani iitwayo Ballfinger imeanza kuunda vipya. Kanda tupu nazo bado zinatengenezwa na Recording the Masters ya Ufaransa na ATR Magnetics ya Marekani. Ni vyema basi kuuliza: mpenzi wa sauti anayeishi Eldoret anapaswa kuichukuliaje hamu hii mpya? Je, ni anasa ya wenye nacho, au lipo jambo ndani yake linalomhusu mtafiti wa Kiswahili?

Maana na Asili ya Kanda ya Rili

Katika makala haya, istilahi kanda ya rili inatumiwa kumaanisha kanda ya sumaku inayozungushwa kwenye magurudumu mawili yaliyo wazi, tofauti na kaseti ambayo magurudumu yake yamefungiwa ndani ya kibweta. Kanda yenyewe ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 6.3 hivi, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi maalumu. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme hugeuzwa kuwa sumaku, na sumaku huacha alama katika unga huo.

Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata hataza ya utepe wa namna hii mwaka 1928. Mwaka huohuo Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zake za kwanza, kwa kuwa wakati huo santuri ndiyo iliyokuwa njia ya kuhifadhi sauti. Mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake, Magnetophon, mjini Berlin, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia teknolojia hiyo ikaenea. Nagra na Uher, vinasa sauti vya kubebwa begani, viliwawezesha watafiti kufika vijijini pasipokuwa na umeme. Mwaka 1963 Philips ilileta kaseti, ambayo ilikuwa ndogo na rahisi, na pole pole rili ikabaki katika studio, katika mashirika ya utangazaji na katika makabati ya watafiti. Katika Tanzania, kwa mfano, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1965, ilirekodi bendi za dansi na vikundi vya taarabu katika studio zake kwa kanda za namna hii.

Hoja ya Utamu wa Sauti

Wanaoitetea rili hutanguliza utamu wa sauti, na hoja yao ina msingi. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Rili ya nyumbani hupita kwa sentimita 9.5 au 19, na ya studio kwa sentimita 38. Kadiri utepe unavyokuwa mpana na kadiri unavyokwenda kasi, ndivyo unga mwingi zaidi unavyoibeba kila sekunde ya sauti. Matokeo yake ni kwamba mvumo wa chinichini hupungua na sauti nyembamba husikika kwa ufasaha zaidi.

Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi kumshawishi mtu mwenye kipato cha kawaida. Kanda nzuri isiyosaidiwa na kipunguza mvumo hutofautisha sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa desibeli 65 hadi 70 hivi. Sidii ya kawaida hufikia desibeli 96 kwa kanuni, na rekodi ya dijitali ya biti 24 hupita hapo. Ile hali inayosifiwa kuwa ni uvuguvugu wa rili hutokana kwa sehemu na upotoshaji mdogo: sauti inapozidi nguvu, unga wa kanda hushiba na kuikunja sauti kwa namna inayopendeza sikioni. Kupendezwa nao si kosa, lakini si sahihi kuuita uaminifu kwa sauti ya asili.

Kuna pia suala la gharama. Kanda mpya zilizokwisha kurekodiwa muziki huuzwa kwa mamia ya dola kila moja. Vinasa sauti vingi vilivyopo vina umri wa miaka 40 au zaidi. Mipira yake imekakamaa, vichwa vyake vimelika, na vipuri havipatikani dukani. Mtu anayetaka tu kustarehe kwa muziki mzuri baada ya kazi atapata raha zaidi kwa fedha chache zaidi akitumia sidii au faili za dijitali. Kwa upande huu, jibu la swali la makala haya ni la: kwa starehe peke yake, rili haina tija.

Urefu wa Kanda na Urefu wa Utungo

Mambo hubadilika tunu inapokuwa maudhui. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hafundishwi kusikiliza maneno tu. Hufundishwa kusikiliza utendaji: kituo cha mtambaji, mwitikio wa hadhira, kicheko, mahadhi, na hata kikohozi kinachoashiria kwamba jambo zito linakuja. Hayo yote hupotea pindi ngano inapogeuzwa kuwa maandishi, lakini hubaki katika kanda. Ruth Finnegan, ambaye kitabu chake Oral Literature in Africa kilitoka mwaka 1970, alirekodi ngano za Walimba wa Sierra Leone mwaka 1961. Kitabu hicho kilipochapishwa upya mwaka 2012, rekodi zake zilitolewa pia katika intaneti. Msomaji aliyekuwa akimwamini mtafiti kwa maneno yake sasa anaweza kumwamini au kumpinga kwa masikio yake mwenyewe.

Lakini kanda haikuwa shahidi asiyeegemea upande wowote, kwani kila chombo kina mpaka wake, na mpaka huo huingia ndani ya utungo. Milman Parry aliporekodi waimbaji wa tendi huko Yugoslavia katika miaka ya 1930, kabla ya kanda kuenea, alitumia sahani za alumini zilizojaa baada ya dakika chache. Ilimlazimu kutumia mashine yenye meza mbili zilizopokezana ili mwimbaji asikatizwe. Kwa njia hiyo aliweza kumnasa Avdo Međedović mwaka 1935 akiimba utendi wenye mishororo zaidi ya 12,000.

Mpaka huo unaweza kupimwa kwa tendi za Kiswahili. Rili yenye kipenyo cha sentimita 13, aina iliyotumika sana katika vinasa sauti vya kubebwa, huchukua utepe mwembamba wa mita 270 hivi. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, upande mmoja huisha baada ya dakika 24 takriban. Kwa sentimita 9.5 huisha baada ya dakika 47. Tuseme mghani hutumia sekunde 12 kwa kila ubeti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na wenye beti 100 hivi, ungechukua dakika 20 na kuenea katika upande mmoja kwa mwendo wa kasi na sauti safi. Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya 1,100, ungechukua dakika 220. Mtafiti angehitaji pande kumi kwa mwendo wa kasi, au tano kwa mwendo wa chini wenye sauti hafifu zaidi, na angemkatiza mghani kila mara ili kubadilisha kanda.

Maana ya hesabu hii kwa uhakiki ni kubwa. Anayesoma ngano fupi katika mkusanyiko wa miaka ya 1960 anapaswa kujiuliza kama ufupi huo ni wa fanani au wa kanda. Huenda mtambaji aliambiwa afupishe, au huenda mtafiti alichagua tungo fupi kwa sababu kanda zilikuwa ghali na betri zilikuwa chache. Ushahidi wa jambo hili hauwezi kupatikana katika kitabu. Hupatikana katika kanda yenyewe: pale sauti inapokatika ghafla, pale mtafiti anaposikika akisema ngojeni kidogo, na katika maneno yaliyoandikwa kwa kalamu juu ya boksi. Kwa sababu hiyo, kanda ya rili inastahili kutazamwa kama mswada. Mhakiki wa tendi kongwe hauchomi mswada wa hati za Kiarabu kwa kuwa umekwisha kunakiliwa kwa hati za Kirumi, na kanda vivyo hivyo haistahili kutupwa kwa kuwa imekwisha kuwa faili.

Sauti Zilizorudi Nyumbani

Mfano wa karibu na Eldoret ni wa kusini yake, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na kurekodi wimbo uitwao Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Katika fikra za wasichana walioimba, mgeni huyo wa ndani ya santuri alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Kwa mwanafunzi wa fasihi, wimbo huo unaonyesha jinsi fasihi simulizi inavyompokea mgeni na kumpa umbo jipya.

Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010, ILAM ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kuzirudisha kwa jamii, na wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 wakazisikia tena. Kurudi huko kuliwezekana kwa sababu mtu fulani alizitunza rekodi za asili kwa zaidi ya miaka 60 na mwingine alijua namna ya kuzicheza. Hapo penye kujua kuzicheza ndipo mpenzi wa sauti wa nyumbani anapopata nafasi yake. Taasisi nyingi zina kanda lakini hazina mashine inayofanya kazi. Wapenzi wa sauti wana mashine na mikono yenye ujuzi, lakini hawana habari kwamba wanahitajika.

Dharura yenyewe imetangazwa. Mwaka 2019 UNESCO, kupitia programu yake ya Habari kwa Wote, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walianzisha mradi wa kutoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku. Mwaka 2025 ulitajwa kuwa ndio ukomo wa takriban wa kuzicheza kanda kwa njia ya kawaida, kwa kuwa mashine, vipuri na mafundi wanatoweka. Mwaka huo umekwisha kufika. Haina maana kwamba kanda zote zimekufa siku moja, bali kwamba kila kanda itakayookolewa kuanzia sasa itaokolewa kwa shida zaidi.

Maradhi ya Kanda na Mazingira ya Eldoret

Eldoret ina bahati ya hali ya hewa. Mji huu, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, uko yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake unazifaa kanda kuliko joto na chumvi ya Mombasa au Lamu. Hata hivyo, unyevu wa msimu wa mvua na vumbi la kiangazi ni maadui. Mwenye kanda anapaswa kuyatambua maradhi matatu.

Kwanza ni ugonjwa wa siki. Kanda za asetati, zilizotumika sana hadi miaka ya 1960, huoza na kutoa harufu ya siki. Ili kuzitambua, rili huinuliwa mbele ya mwanga: asetati hupitisha mwanga pembeni, ilhali polyesta huuzuia. Asetati ikivutwa hukatika, polyesta hutanuka.

Pili ni unato. Baadhi ya kanda za polyesta za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu na kugeuka kama ulimbo. Zikichezwa hulia, husimama na kuacha unga wake kwenye vichwa. Wataalamu huzipasha joto la nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa saa nyingi katika tanuri maalumu, kisha huzinakili upesi kabla unato haujarudi. Tiba hiyo haifai kabisa kwa asetati, na jiko la nyumbani si tanuri maalumu.

Tatu ni mwangwi. Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa huambukiza sumaku kutoka tabaka moja hadi jingine, na msikilizaji husikia neno kwa mbali kabla halijasemwa. Mtafiti asiyejua anaweza kudhani amesikia sauti ya mwitikiaji. Kinga yake ni kuhifadhi kanda ikiwa imechezwa hadi mwisho bila kurudishwa mwanzo, ili mwangwi mkubwa uje baada ya neno na kumezwa nalo.

Kazi ya Mpenzi wa Sauti

Mpenzi wa sauti anayetaka kuwa na manufaa anapaswa kufuata utaratibu huu:

1. Achunguze umeme wa mashine. Kenya hutumia volti 240 na masafa ya hetsi 50. Baadhi ya mashine za Marekani zina mota zinazotegemea hetsi 60. Hata zikiwekewa transfoma, huenda kwa mwendo pungufu kwa moja ya sita, na sauti hushuka kwa nusutoni tatu hivi. Mwimbaji wa kike atasikika mzito, na mahadhi yatanukuliwa kwa makosa.

2. Asafishe vichwa na njia ya utepe kabla ya kila kanda, na azime uwezo wa kurekodi ili asifute kwa bahati mbaya.

3. Atambue mpangilio wa njia za sauti. Kanda yenye njia nne ikichezwa kwa mashine isiyolingana hutoa sauti mbili, moja ikienda kinyumenyume.

4. Anakili kwa biti 24 na kwa angalau hetsi 48,000; IASA hupendekeza hetsi 96,000. Asiondoe mvumo katika nakala kuu. Usafishaji ufanywe katika nakala ya pili.

5. Apige picha za boksi, lebo na karatasi zote, kwa maana jina la fanani, mahali na tarehe huenda vimeandikwa hapo tu.

6. Ahifadhi nakala zaidi ya moja mahali tofauti, na aitunze kanda ya asili ikiwa imesimama wima, mbali na spika na mota.

Lipo pia suala la haki. Sauti iliyomo katika kanda ina mwenyewe, na mila iliyomo ina jamii yake. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka 2016. Kuimiliki rili hakumpi mtu ruhusa ya kuuza wimbo wa jando au kuusambaza katika intaneti. Hatua ya kwanza baada ya kunakili ni kuwatafuta wenye sauti au jamaa zao na kuwasikilizisha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la manufaa ya rili lina majibu mawili. Anayeitaka kwa starehe hana hasara akiiacha, kwani teknolojia ya dijitali imekwisha kuipita kwa usafi, kwa bei na kwa wepesi. Anayeitaka kwa ajili ya sauti zisizopatikana kwingine hana njia nyingine. Kinasa sauti kimoja kilichotengenezwa vizuri mjini Eldoret, mikononi mwa mtu mvumilivu anayeshirikiana na idara ya Kiswahili au ya historia, kinaweza kufungua makabati ambayo kwa sasa hayana ufunguo. Wanafunzi wa Kiswahili wanashauriwa kuanza na familia zao na walimu wao wastaafu, kwa kuuliza swali moja rahisi: je, kuna kanda za zamani ndani ya nyumba hii? Swali hilo liulizwe kabla kabati halijasafishwa.

Maswali ya Mjadala

1. Chagua mkusanyiko mmoja wa ngano uliochapishwa kabla ya mwaka 1980. Jadili dalili zinazoonyesha kwamba chombo cha kurekodia kiliathiri urefu au umbo la ngano hizo.

2. Linganisha kanda ya rili na mswada wa hati za Kiarabu kama vyanzo vya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

3. Je, kuondoa mvumo na vikohozi katika rekodi ya utendaji ni kuisafisha fasihi simulizi au ni kuipunguza? Toa sababu.